Kutoka kwenye ndoana hadi kwenye tangi: pale uvuvi wa burudani unapokutana na ufugaji wa samaki wa mapambo

Tarehe 13 Septemba 1952, mvuvi Richard Walker alinasa kapi (carp), samaki mnene wa mabwawa, mwenye uzito wa ratili 44, karibu kilo 20, katika bwawa la Redmire huko Uingereza. Ilikuwa rekodi ya nchi hiyo kwa samaki wa aina hiyo, na haikuvunjwa hadi 1980. Walker hakumla samaki wake, wala hakumrudisha bwawani. Alipiga simu kwenye bustani ya wanyama ya London, nao wakaja kumchukua na kumtia katika tangi la maonyesho. Huko akapewa jina la Clarissa, akaishi hadi 1971 akitazamwa na umati uliopita mbele ya kioo chake.

Mara nyingi uvuvi wa ndoana na ufugaji wa samaki wa tangi huzungumzwa kana kwamba havijuani. Mvuvi huchukuliwa kuwa mtu wa nje, wa matope na alfajiri. Mfugaji ni mtu wa ndani, wa taa, pampu na vichujio. Wapo hata wanaowaona kuwa mahasimu, kwamba mmoja huchoma na mwenzake hulea. Mimi sikubaliani nao. Wote wawili wanashughulika na kiumbe yule yule akiwa hai, na wote wanamwingilia maisha yake bila ridhaa yake. Kinachowatofautisha zaidi ni muda. Mvuvi anayeachia samaki wake hukaa naye dakika chache, lakini mfugaji hukaa naye miaka. Kwa sababu hiyo kila mmoja anajua mambo ambayo mwenzake hana nafasi ya kuyaona, na madhara mengi hutokea samaki anapovushwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine huku ujuzi ukibaki nyuma.

Samaki wale wale

Tuendelee na kapi. Koi, wale samaki wenye mabaka mekundu, meupe na meusi wanaopamba mabwawa ya bustani, ni kapi waliochaguliwa kwa rangi kizazi baada ya kizazi, kazi iliyoshika kasi kwa wakulima wa Niigata, Japani, katika karne ya 19. Ukimwondolea rangi, koi ana midomo ile ile ya kunyonya tope, sharubu zile zile na uzito ule ule ambao wavuvi wa Ulaya hukesha wakiusubiri kando ya mabwawa. Hata magonjwa ni yale yale, na hilo tutalirudia.

Upande wa maji ya joto kuna oska, Astronotus ocellatus, samaki wa Amazon aliye katika familia ya Cichlidae, ile ile ya perege na sato. Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, hukua kupita sentimita 30, na kwenye mifereji ya kusini mwa Florida, alikoingia kama mgeni, huvuliwa kwa ndoana kila siku. Ndugu yake Cichla, mwenye doa la duara mkiani mithili ya jicho, ni ndoto ya wavuvi wa burudani wa Brazili na pia ya wafugaji wenye matangi makubwa. Halafu kuna kambare mwenye mkia mwekundu, Phractocephalus hemioliopterus. Dukani anapendeza, sentimita 5 hadi 8, mweusi kwa mweupe. Mtoni anapita mita moja na anaweza kuzidi kilo 40. Sijui onyo lililo bora kwa mnunuzi kuliko picha ya mvuvi aliyembeba kambare huyo kwa mikono miwili. Ni ajabu kwamba picha hizo hazibandikwi juu ya matangi ya dukani.

Wapo pia watu ambao kwao mpaka kati ya shughuli hizi mbili karibu haupo. Japani, tangu enzi ya Edo, kuna utamaduni wa kuvua tanago, samaki wadogo wasiozidi urefu wa kidole, kwa ndoana ndogo mno ambazo mvuvi huzinoa mwenyewe akitumia kioo cha kukuzia. Samaki huwekwa hai katika chombo chenye maji, na wengine huishia kwenye tangi, ambako mfugaji mwenye subira huweza kuona jambo la kipekee: jike anaingiza mrija wake ndani ya kome aliye hai na kutaga mayai humo. Baadhi ya aina za tanago sasa zinalindwa kisheria kwa sababu zimekuwa adimu. Marekani ya Kaskazini nako kuna chama cha wapenzi wa samaki wa asili wa huko, North American Native Fishes Association, kilichoanzishwa 1972. Wanachama wake hufuga samaki wa vijito vyao wenyewe, na wengi huwakusanya kwa nyavu ndogo, wengine kwa ndoana.

Hata chakula ni kimoja. Nyungunyungu ni chambo na pia ni mlo bora wa samaki wa tangi. Viluwiluwi wekundu ambao wavuvi wa mashindano wa Ulaya huwatungika kwenye ndoana nyembamba kama uzi ndio hao hao wanaouzwa wakiwa wamegandishwa kwa ajili ya matangi.

Anachokiona mfugaji

Mvuvi anapomwachia samaki akaona mkia ukipiga na maji kufunga nyuma yake, kwake habari imekwisha. Mfugaji ndiye anayejua kwamba habari inaanza hapo. Samaki aliyeguswa kwa mikono mikavu au kukwaruzwa na wavu mgumu huonekana mzima kwa siku mbili tatu, kisha madoa meupe kama pamba hujitokeza pale ute ulipotoka. Ute huo ni ngozi ya pili. Ndio unaozuia kuvu na bakteria, na ndio unaosaidia kudhibiti chumvi na maji yanayoingia na kutoka mwilini. Mwenye tangi ameshuhudia madoa hayo mara nyingi, ndiyo maana hupendelea kumhamisha samaki kwa bakuli badala ya wavu. Mvuvi aliyefunzwa na mfugaji hulowesha mikono kwanza, hutumia wavu usio na mafundo, na hamlazi samaki kwenye mchanga au majani makavu.

Jambo la pili ni pumzi. Maji ya nyuzi 10 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzi 20 hubeba 9, na kwenye nyuzi 30 hubaki 7.5 hivi. Wakati huo huo samaki wa maji ya joto anahitaji oksijeni zaidi, kwa kuwa mwili wake unafanya kazi kwa kasi. Kila aliyewahi kukatikiwa na umeme siku ya joto, akawaona samaki wake wakipanda juu na kuvuta pumzi kwenye uso wa maji, anaelewa hesabu hiyo bila kuisoma. Sasa mfikirie samaki huyo huyo akiwa amepambana na mshipi kwa dakika kumi. Misuli yake imejaa asidi ya laktiki, damu yake imebadilika, na anahitaji oksijeni kuliko wakati wowote. Hapo ndipo tunapomtoa majini ili apigwe picha.

Mwaka 1992 watafiti R. A. Ferguson na B. L. Tufts walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa trauti (trout), samaki wa maji yenye baridi. Samaki waliokimbizwa hadi wakachoka, kisha wakaachwa majini, walikufa asilimia 12 ndani ya saa 12. Waliochoshwa vivyo hivyo na kisha kutolewa hewani kwa sekunde 30 walikufa asilimia 38. Waliokaa hewani sekunde 60 walikufa asilimia 72. Lilikuwa jaribio la maabara na samaki walichoshwa kwa makusudi, kwa hiyo si haki kulichukua kama kipimo cha kila samaki anayeachiwa mtoni. Lakini sababu yake ni ile ile kila mahali. Matamvua ni nyuzi nyembamba zinazotandazwa na maji. Zikiwa hewani hulala na kugandana, na mlango wa oksijeni kuingia na kaboni dioksidi kutoka hufungwa. Kwa maoni yangu picha nzuri ni ile inayopigwa samaki akiwa bado ndani ya wavu, nusu mwili majini.

Kisha kuna kibofu cha hewa. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu. Samaki anayevutwa haraka kutoka mita 10 hadi juu, hewa iliyo kibofuni mwake huongezeka mara mbili kwa ukubwa, na akitoka mita 30 huongezeka mara nne. Kapi, trauti na kambare wana mfereji unaounganisha kibofu na koo, hivyo wanaweza kutema hewa hiyo. Perege na ndugu zake hawana. Kwao hewa hurudi taratibu kupitia damu, kwa saa nyingi au hata siku. Ndiyo sababu samaki wa kina kirefu huletwa juu akiwa amevimba tumbo, macho yametokeza, hawezi kuzama tena. Wazamiaji wanaokusanya samaki wa rangi katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi kwa ajili ya matangi wamelijua hili kwa muda mrefu. Huwaweka samaki kwenye vikapu na kuvipandisha kwa hatua, wakivipumzisha njiani. Wavuvi wa burudani wa maji ya kina wamefika kwenye suluhisho linalofanana nalo kutoka upande wa pili: kifaa chenye uzito kinachomshusha samaki hadi kwenye kina alichotoka, ambako shinikizo lenyewe linakirudisha kibofu kwenye ukubwa wake. Kumwachia juu akielea, kwa matumaini kwamba atajizamia mwenyewe, ni kuwaachia ndege wamle.

Mfugaji wa samaki wa familia ya perege anajua kitu kingine ambacho ningependa kila mvuvi akijue. Wengi wao hulinda mayai na vifaranga kwa ukali wa kushangaza, wakimsukuma kila anayekaribia, hata mkono wa mwenye tangi. Besi (bass) wa Marekani ya Kaskazini, samaki mwindaji anayependwa na wavuvi, ingawa si wa familia hiyo, hufanya vivyo hivyo. Dume hukaa juu ya kiota na hushambulia chochote, kikiwemo chambo. Ni rahisi sana kumnasa wakati huo. Anapoinuliwa majini, samaki wadogo wanaomzunguka huingia kiotani na kuanza kula mayai mara moja. Hata akiachiwa baada ya dakika tano akiwa mzima, huenda akarudi kwenye kiota kilichobaki nusu. Kuhesabu samaki aliyeachiwa kuwa hasara sifuri, wakati kizazi chake kimeliwa, ni kujidanganya.

Anachokijua mvuvi

Upande wa pili nao una deni. Matangi mengi hupangwa na watu ambao hawajawahi kuona mto ambao samaki wao alitoka. Samaki wa maporomoko huwekwa kwenye maji yaliyotulia, samaki wa chini ya magogo huwekwa chini ya taa kali pasipo pa kujificha, samaki wa makundi hununuliwa wawili. Mvuvi mzuri hana shida hii. Anajua kwamba samaki wa mtoni hakai katikati ya mkondo wala nje yake, bali kwenye ukingo wa maji ya kasi na ya taratibu, nyuma ya jiwe, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akisubiri chakula kiletwe. Anajua saa za kula na saa za kulala. Anajua kwamba mvua ya kwanza na kushuka kwa joto hubadilisha tabia ya samaki kwa siku nzima. Wafugaji wengi wamefaulu kuwafanya samaki wagumu wazae kwa kuiga jambo hilo tu: kubadilisha maji kwa wingi na kwa maji yaliyo baridi kidogo, kana kwamba mvua imenyesha.

Kuna pia suala la akili ya samaki. Mwaka 1970 mtafiti J. J. Beukema alichapisha majaribio yake ya kuvua kapi kwa ndoana, akaonyesha kwamba kunaswa mara moja tu kulitosha kuwafanya kapi wawe wagumu kunaswa tena. Wavuvi wa mabwawa wanalijua hili kwa uchungu wa siku nyingi bila kitu. Mfugaji analijua kwa furaha, kwa kuwa samaki wake humtambua, husogelea kioo anapokuja na hujificha anapokuja mgeni. Ni kumbukumbu ile ile. Mmoja huiona ikimkimbia, mwingine huiona ikimjia.

Ukitaka kumpeleka nyumbani

Swali linaloulizwa mara nyingi na wanaopenda mambo yote mawili ni hili: je, samaki niliyemvua naweza kumweka kwenye tangi? Jibu la kwanza ni la sheria, na linatofautiana kutoka nchi hadi nchi na hata kutoka mto hadi mto. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba leseni ya kuvua ni leseni ya kusafirisha samaki akiwa hai. Sehemu nyingi hizo ni ruhusa mbili tofauti, na mara nyingi ya pili haipo kabisa kwa samaki wa mchezo, wale wanaovuliwa kwa burudani. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, Lepomis gibbosus, samaki mdogo wa rangi nzuri aliyeletwa kutoka Marekani ya Kaskazini katika karne ya 19 kwa ajili ya mabwawa na matangi, yumo kwenye orodha ya viumbe vamizi tangu 2019. Hairuhusiwi kumfuga, kumsafirisha wala kumwachia. Uliza mamlaka ya uvuvi ya mahali hapo kabla ya kubeba ndoo.

Jibu la pili ni la ukubwa. Hakuna ukweli katika msemo kwamba samaki hukua kulingana na tangi. Samaki aliyebanwa hudumaa, na kudumaa huko ni ugonjwa: mgongo unapinda, maji yanachafuka upesi, maisha yanakuwa mafupi. Mvuvi anapaswa kuwa wa mwisho kukosea hapa, maana ameshawaona wakubwa wao. Samaki wa mchezo, kwa asili yake, ni samaki aliyechaguliwa kwa kuwa mkubwa na mwenye nguvu, na hizo ndizo sifa mbaya kabisa kwa tangi la nyumbani. Wanaofaa ni wale wadogo ambao wavuvi wengi huwapuuza.

Akiwa ni halali na ni mdogo, basi njia ya kumkamata ina uzito. Chagua aliyenaswa mdomoni kwa ndoana isiyo na mwiba wa nyuma, ule unaozuia ndoana isichomoke. Aliyemeza ndoana hafai kwa tangi. Kwake ni bora mshipi ukatwe karibu na mdomo na aachiwe, kwa sababu kuchokonoa kooni huua zaidi kuliko ndoana yenyewe. Hata jeraha dogo la mdomoni ni mlango wa kuvu, na linahitaji maji safi kuliko dawa.

Safari nayo ina mtego wake ambao hata wafugaji wazoefu huingia. Samaki aliyefungwa kwenye mfuko hutoa amonia na kaboni dioksidi. Kaboni dioksidi huyafanya maji kuwa na uchachu, na katika maji ya hivyo sehemu kubwa ya amonia hubaki katika umbo lisilo na sumu kali. Kila pH, kipimo cha uchachu ambacho hupanda uchachu unapopungua, inapopanda kwa nafasi moja, sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Unapofungua mfuko baada ya safari ndefu, kaboni dioksidi hutoroka, pH hupanda, na amonia iliyokuwa imetulia hugeuka sumu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ule utaratibu wa kudondosha maji ya tangi kwenye mfuko tone kwa tone kwa saa nzima, unaosifiwa sana, unaweza kumuumiza samaki aliyesafiri mbali. Sawazisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha fungua, mtoe samaki upesi, na maji ya mfuko usiyamimine tangini.

Tangi lenyewe lazima liwe limekomaa kabla samaki hajafika. Amonia inayotoka kwenye matamvua hugeuzwa na bakteria kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha kwenye kichujio. Mvuvi anayeamua ghafla mtoni kwamba leo anataka kufuga, akienda kununua tangi jioni, tayari amechelewa kwa mwezi mzima.

Kisha karantini, peke yake, kwenye tangi tofauti. Karibu kila samaki wa porini ana vimelea. Mtoni vimelea hivyo humwacha hai kwa kuwa watoto wa vimelea husombwa na maji, lakini tangini watoto wote humrudia yeye. Ichthyophthirius multifiliis, kimelea cha madoa meupe kama punje za chumvi, humaliza mzunguko wake kwa takriban wiki moja katika maji ya joto, na kwa wiki kadhaa katika maji ya baridi. Kwa hiyo karantini ya samaki wa maji yenye ubaridi inapaswa kuwa ndefu zaidi, si fupi.

Kuhusu chakula, anza na kile alichonaswa nacho. Nyungunyungu humshawishi samaki wa porini ambaye hajawahi kuona punje za chakula cha dukani. Epuka tabia ya kuwalisha samaki wawindaji samaki wa dhahabu pekee. Samaki hao wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na mla nyama anayewategemea hudhoofika polepole.

Kwa nini asirudi

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkali. Samaki aliyekwisha kuishi kwenye tangi haachiwi tena, hata pale alipokamatwa, hata kama ni wa asili ya hapo hapo. Anayemhamisha samaki anahamisha na maji yake, na ndani ya maji hayo kuna abiria ambao macho hayawaoni.

Virusi vya herpesi vya koi, vinavyojulikana kwa kifupi kama KHV, vilianza kutambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Biashara ya koi wa mapambo ikavisambaza duniani. Mwaka 2003 viliua kapi wa kufugwa kwa wingi katika Ziwa Kasumigaura, Japani, na huko Uingereza mabwawa ya wavuvi wa burudani yalipoteza kapi wakubwa ambao watu walikuwa wamewafahamu kwa miaka, mmoja mmoja, kwa magamba yao. Ugonjwa hulipuka maji yakiwa ya joto la wastani, kuanzia nyuzi 16 hivi. Anayepona hubaki na virusi mwilini na anaweza kuvieneza akiwa anaonekana mzima kabisa. Koi mmoja wa bustanini, aliyeachiwa bwawani na mtu aliyemhurumia, anatosha.

Kisa cha Crofton, Maryland, kinaonyesha duara zima. Mwaka 2002 mvuvi wa ndoana alinasa kwenye bwawa dogo samaki asiyemfahamu. Alikuwa Channa argus, samaki wa Asia anayeweza kupumua hewa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtu mmoja alikuwa amenunua samaki wawili kwa ajili ya mchuzi, akabadili nia, akawafuga kwenye tangi, na walipokuwa wakubwa akawaachia bwawani. Mamlaka ililazimika kutia sumu bwawa zima, na ndani yake wakapatikana wakubwa sita na wadogo zaidi ya elfu moja. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa familia nzima ya samaki hao. Miaka miwili baadaye wengine, wasiotokana na wale wa Crofton, waligunduliwa katika mto Potomac, na huko hadi leo wanazaliana na kuvuliwa kwa ndoana.

Mtu atauliza kuhusu Florida, ambako mwaka 1984 mamlaka ya wanyamapori yenyewe ilimwachia Cichla kwenye mifereji ya kusini ili awale samaki wageni waliokuwa wamejaa humo na awape wavuvi mchezo. Ni kweli, na uvuvi wake umekuwa maarufu. Lakini ulikuwa uamuzi wa taasisi uliotanguliwa na utafiti, na uliegemea udhaifu mmoja wa samaki huyo: hastahimili baridi, hivyo hawezi kusambaa kaskazini. Baridi kali ya Januari 2010 iliua wengi wao. Mtu mwenye ndoo hana utafiti huo wala hana kizuizi hicho.

Wavuvi nao wasijione wasafi. Kumwaga chambo hai kilichobaki mwisho wa siku ni kosa lile lile, ni jina tu limebadilika. Na njia ya maambukizi si samaki peke yake. Machi 2021, katika maduka ya wanyama ya Marekani, kome wadogo wenye milia waligunduliwa ndani ya matufe ya mwani yanayouzwa kupamba matangi. Ni kome wale wale ambao kwa miaka mingi wavuvi wa mashua wameagizwa kuwazuia kwa kuosha na kukausha vyombo vyao kabla ya kwenda ziwa jingine.

Suala la maumivu

Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walichapisha utafiti kuhusu trauti. Walichunguza vipokezi 58 kwenye uso na kichwa, na 22 kati ya hivyo vilikuwa vya aina inayopokea madhara yenye kuumiza. Samaki waliodungwa asidi midomoni walibadilika tabia na kuacha kula kwa muda. Wapo wanasayansi wanaopinga kwamba hayo ni maumivu kama tunavyoyahisi sisi, na mjadala unaendelea. Wafugaji wengine huutumia utafiti huo kuwanyooshea vidole wavuvi. Nadhani wanasahau kujitazama. Jeraha la ndoana kwenye mdomo hupona kwa siku kadhaa. Tangi dogo, amonia isiyopimwa na upweke wa samaki wa kundi havina siku ya kupona.

Samaki asiyetoshea tena

Basi afanyeje mtu mwenye samaki aliyemzidi? Kwanza atafute mfugaji mwenye tangi kubwa zaidi, chama cha wafugaji au duka linalopokea samaki. Asitegemee matangi ya maonyesho ya umma, ambayo tayari yamejaa kambare wa mkia mwekundu na mara nyingi hukataa. Asipopata, kumuua kwa utulivu ni bora kuliko kumwachia mtoni, na ni jambo linalopaswa kusemwa waziwazi.

Mvuvi anajua njia yake: pigo moja thabiti juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, kisha ubongo uharibiwe. Ikifanywa vizuri ni ya haraka kuliko zote. Kwa asiyeweza, kuna mafuta ya karafuu. Changanya kwanza kiasi kidogo na maji ya uvuguvugu kwenye chupa, tikisa hadi yawe meupe kama maziwa, kisha yatie taratibu kwenye chombo chenye maji ya tangi lake na samaki mwenyewe. Atalegea, atalala ubavu. Hapo ongeza hadi takriban mililita 0.4 kwa kila lita, na mwache humo nusu saa baada ya matamvua kuacha kusogea, kwa sababu dozi ndogo au muda mfupi humlaza tu. Usimtie kwenye friji akiwa hai, usimtupe chooni. Mwili ufukiwe au utupwe pamoja na taka, maji ya tangi yamwagwe kwenye udongo mbali na mfereji unaoelekea mtoni, na wavu ukaushwe kabisa kabla ya kwenda nao kwenye maji mengine.